Sauti ya Yesudas huingia hekaluni, mwenyewe hubaki nje

Guruvayur ni mji wa hekalu katika jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa India. Mahujaji humiminika huko mwaka mzima kumwabudu Krishna, na kutoka madukani kandokando ya njia husikika nyimbo za kumsifu. Sauti inayotawala nyimbo hizo kwa miongo mingi ni ya mwanamume mmoja, nzito, laini, isiyo na papara. Ni sauti ya Kattassery Joseph Yesudas, mtoto wa Kikatoliki wa Fort Kochi. Hekalu hilo haliruhusu asiye Mhindu kuvuka lango lake. Yeye mwenyewe ametamani kuingia tangu ujana wake, na mwaka 1970 aliimba wimbo wa filamu unaotaja kiu hiyohiyo ya kufika mbele ya Krishna wa Guruvayur. Amevuka sasa miaka 85, na lango halijamfungukia.

Kisa hiki kimeandikwa sana nchini India kama habari ya dini. Ni habari ya muziki pia, tena ya muziki kwanza. Maisha ya Yesudas ni ushahidi ulio wazi kwamba sanaa kongwe ni mali ya anayejifunza kwa jasho lake, awe amezaliwa nyumba gani. Ushahidi huo haukuwafikia watu kupitia kumbi za wenye vyeo vya muziki. Ulipitia sinema, chombo ambacho walinzi wa muziki wa jadi walikitazama kwa dharau kwa muda mrefu.

Alizaliwa tarehe 10 Januari 1940. Baba yake, Augustine Joseph, alikuwa mwigizaji na mwimbaji wa michezo ya jukwaani ya Kimalayalam, kazi iliyompa jina lakini haikumpa fedha. Ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwanza wa mwanawe. Kijana alipelekwa chuo cha muziki cha Tripunithura karibu na Kochi, akahitimu, kisha akaendelea na masomo ya juu Thiruvananthapuram, na huko ufukara ukamkatiza. Kituo cha redio cha taifa katika mji huo kilimfanyia majaribio ya sauti kikamkataa.

Wakati huo sauti yenyewe ilikwisha kuonekana. Katika mashindano ya vijana wa shule wa jimbo zima mwaka 1958, Yesudas alishika nafasi ya kwanza kwa uimbaji wa jadi. Aliyeongoza kwa ngoma ya mridangam alikuwa mvulana aitwaye P. Jayachandran. Wawili hao walipigwa picha wakiwa jukwaani pamoja, mmoja akiimba na mwenzake akimpigia, na picha hiyo imekuwa ya thamani kubwa kwa watu wa Kerala, maana Jayachandran naye aligeuka mwimbaji mkubwa wa filamu hadi alipofariki Januari 2025.

Muziki aliokuwa akijifunza huitwa Karnatiki, muziki wa kale wa India ya kusini. Mwanafunzi huanza na mazoezi ya sauti yanayohusishwa na Purandara Dasa, mtunzi wa karne ya 16, akiyarudia kwa mwendo wa polepole, kisha maradufu, kisha maradufu tena, huku akihesabu mapigo kwa kiganja cha mkono pajani. Baada ya miaka ndipo hufikia tungo za mabwana watatu, Tyagaraja, Dikshitar na Syama Sastri, wote wazaliwa wa mji wa Tiruvarur katika karne ya 18. Kila utungo umo ndani ya raga, yaani mpangilio wa sauti wenye njia zake za kupanda na kushuka na mitikisiko yake maalumu. Anayeimba bila kuijua mitikisiko hiyo husikika mara moja kuwa mgeni. Mwimbaji aliyekomaa anaweza kuitembeza raga moja kwa nusu saa bila maneno wala mapigo, akiichimba tu kwa koo.

Katika karne ya 20 muziki huu ulijikita kwenye kumbi za jiji la Madras, linaloitwa leo Chennai, na wengi wa walimu, waimbaji na wasikilizaji wake walikuwa wa tabaka la Wabrahmani. Tungo zake nyingi ni sala kwa Rama, Krishna, Shiva na mungu wa kike Devi. Mtu anaweza kufikiria kijana Mkatoliki, mwana wa mwigizaji maskini kutoka mji wa bandari, alivyotazamwa alipotaka kuketi jukwaani kuimba sala hizo. Aliyemkalisha ni Chembai Vaidyanatha Bhagavatar, Mbrahmani wa Kerala na mmoja wa waimbaji wakubwa wa zama zake. Mzee huyo alimfanya mwanafunzi wake na kuimba naye hadharani. Chembai alikuwa mcha Krishna wa Guruvayur kwa maisha yake yote. Ucha Mungu wake haukumzuia kumpa Mkristo alichonacho, na pengine ndio uliomsukuma. Alifariki mwaka 1974. Yesudas ameimba kwa miongo mingi katika tamasha la kumkumbuka linalofanyika Guruvayur kila mwaka. Jukwaa la tamasha liko katika ukumbi ulio nje ya ukuta wa hekalu.

Sinema iliingia katika maisha yake tarehe 14 Novemba 1961, aliporekodi wimbo wake wa kwanza katika studio moja ya Madras kwa ajili ya filamu Kalpadukal. Maneno aliyopewa yalikuwa beti za Sree Narayana Guru, mwanamageuzi wa Kerala aliyetoka tabaka lililoitwa najisi, zinazotamani mahali ambapo watu wote wanaishi kindugu pasipo ubaguzi wa tabaka wala chuki ya dini. Watengenezaji wa filamu hawakumchagulia kijana huyo maneno hayo wakijua yatakayompata. Hata hivyo, kazi yake yote imekuwa kama maelezo marefu ya beti zile. Tuzo yake ya kwanza ya taifa, kwa filamu Achanum Bappayum ya mwaka 1972, aliipata kwa wimbo wa Vayalar Ramavarma na G. Devarajan unaosema kuwa binadamu ndiye aliyezitunga dini, na dini nazo zikamgawa. Tuzo hiyo ya mwimbaji bora wa kiume wa filamu ameitwaa mara 8, ya mwisho kwa filamu ya mwaka 2017.

Wasomaji wa pwani waliokulia kwenye kumbi za sinema za Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam wanaifahamu kazi hii hata kama hawajawahi kuitafutia jina. Mwigizaji anacheza bustanini, midomo inafunguka na kufunga, lakini anayeimba ni mtu mwingine aliyesimama studioni wiki kadhaa kabla. Utaratibu huo ulianza India mwaka 1935 kwa filamu ya Nitin Bose, na kwa miaka mingi mwenye sauti hakutajwa. Sahani za santuri za filamu Mahal ya mwaka 1949 ziliandikwa jina la mhusika wa hadithi badala ya la Lata Mangeshkar aliyeimba. Ilibidi wasikilizaji wa redio waulize huyu ni nani.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kuliko inavyodhaniwa. Katika miaka ya 1960 mwimbaji na wapigaji wote walirekodi kwa pamoja, na kosa la mpiga fidla mmoja liliwarudisha wote mwanzo. Wimbo ulikuwa na dakika tatu au nne tu. Mwimbaji alipaswa kuibeba huzuni ya mhusika ambaye huenda hajamwona, kwa mahadhi aliyofundishwa asubuhi hiyohiyo, na sauti iingie vizuri kwenye midomo ya mtu mwingine. Hapa ndipo mafunzo ya Karnatiki yalipomfaa Yesudas. Yalimpa pumzi ndefu, sauti isiyoyumba, na masikio yanayonasa raga mara ya kwanza. Kubwa zaidi, yalimfundisha kujizuia. Msikilizaji makini atagundua kwamba katika nyimbo zake nyingi za filamu anaimba kidogo kuliko anavyoweza. Mtikisiko mmoja mahali panapostahili, basi. Waimbaji wengi wenye koo zuri hawajafika hapo, kwa sababu hakuna anayewashangilia kwa walichokiacha.

Mwaka 1976 India nzima ilimfahamu kupitia filamu ya Kihindi Chitchor ya Basu Chatterjee, kwa muziki wa Ravindra Jain, mtunzi aliyezaliwa kipofu. Ilimpa tuzo nyingine ya taifa kwa lugha isiyo yake.

Lakini filamu zinazobeba hoja kwa uzito zaidi ni zile za kusini zilizouweka muziki wa Karnatiki wenyewe katikati ya hadithi. Mwaka 1980 K. Viswanath alitoa Sankarabharanam, kisa cha mwalimu mzee wa muziki katika dunia inayomwacha nyuma, filamu ya Kitelugu isiyo na nyota yeyote. Umma ulizijaza kumbi. Aliyemwimbia mwalimu yule alikuwa S. P. Balasubrahmanyam, mwimbaji ambaye hakuwa na mafunzo rasmi ya Karnatiki, na bado alipata tuzo ya taifa kwa kazi hiyo. Mwaka 1985 ikaja Sindhu Bhairavi ya K. Balachander, kwa muziki wa Ilaiyaraaja, mtunzi aliyetoka kijijini Tamil Nadu, katika familia ya Wadalit, watu waliotengwa chini ya matabaka yote. Humo bingwa wa Karnatiki anaimba kwa Kitelugu mbele ya hadhira ya Watamili, na mwanamke mmoja anainuka kumuuliza kwa nini asiimbe kwa lugha ambayo watu waliomlipia kiingilio wanaielewa. Sauti ya bingwa huyo ni ya Yesudas. Mwaka 1991 Mohanlal alicheza katika Bharatham kama mdogo mtu anayelazimika kushika nafasi ya kaka yake jukwaani, kaka aliyeharibiwa na pombe. Mohanlal alipewa tuzo ya mwigizaji bora, na Yesudas, aliyempa sauti, akapewa ya mwimbaji bora.

Kwa tiketi ya bei ya sinema, dereva wa basi wa Kottayam na mvuvi wa Alappuzha waliketi kusikiliza tungo na raga ambazo wasingezisikia katika kumbi za Chennai, ambako msimu mkuu wa tamasha hufanyika Desemba na Januari kwa wanaojua taratibu zake. Wengi hawakujua raga ile inaitwaje. Walijua inawaliza. Wachache wao waliwapeleka watoto wao kwa mwalimu. Ukumbi gani wa jadi unaweza kudai kuwa ulifanya kazi kubwa kuliko hiyo katika miaka ileile?

Hata hivyo, watetezi wa usafi wa jadi wameng'ang'ania kwamba filamu huharibu koo na huchafua ladha. Historia yao wenyewe inawakana. M. S. Subbulakshmi, anayeheshimiwa leo kama sura takatifu ya muziki huo, alizaliwa Madurai mwaka 1916 na mama mpiga ala ya nyuzi iitwayo vina, wa jamii ya wanawake wa hekaluni, jamii iliyodharauliwa. Alicheza na kuimba katika filamu, na Meera ya mwaka 1945, iliyotengenezwa tena kwa Kihindi miaka miwili baadaye, ndiyo iliyompeleka hadi kaskazini mwa nchi. Mwaka 1941 alicheza nafasi ya kiume, mhenga Narada, katika Savithri, na malipo yake yakasaidia kuanzisha jarida la Kitamili la Kalki. Mwaka 1966 aliimba Umoja wa Mataifa, na mwaka 1968 akawa mwanamke wa kwanza kupewa heshima ya juu ya Chuo cha Muziki cha Madras. Jadi inayomweka yeye madhabahuni haiwezi kusema kuwa sinema ni uchafu.

Wala suala si la zamani. Mwaka 2018 waimbaji wa Karnatiki waliokubali kuimba nyimbo za Kikristo walishambuliwa kwa matusi na vitisho. Mmoja wao, O. S. Arun, alighairi tamasha lake. Mwenzao T. M. Krishna alijibu kwa kutangaza kwamba atatoa kila mwezi wimbo mmoja wa Karnatiki unaomhusu Yesu au Allah. Chuo cha Muziki cha Madras kilipompa T. M. Krishna heshima yake ya juu mwaka 2024, baadhi ya waimbaji wenzake walisusia. Watu walewale ambao wangeona fahari Yesudas akimwimbia Krishna wa Guruvayur hukasirika raga ileile inapotumiwa kumwimbia Yesu. Hapo ndipo unafiki unapoonekana: mgeni anakaribishwa kuihudumia nyumba, ila asithubutu kuita sehemu yake kuwa nyumbani.

Pwani ya Afrika Mashariki ina uzoefu wake wa jambo hili. Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alijijengea jina kwa kuyatia mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya filamu za Kihindi. Wapo waliolalamika kwamba taarabu inapotea. Ushairi wa Kimombasa haukupotea. Ulipata masikio mapya, katika harusi na kwenye kanda zilizozunguka kutoka nyumba hadi nyumba. Mahadhi yale yalivuka bahari bila kuulizwa dini, na waliokuwa wakiyaimba Mombasa walikuwa Waislamu waliojifunza kwa kuketi kwenye viti vya sinema.

Hekalu la Sabarimala, milimani mwa Kerala, linaonyesha kuwa hata dini inaweza kufanya tofauti. Kila usiku hufungwa kwa wimbo uitwao Harivarasanam, na toleo linalofahamika zaidi ni la Yesudas, kutoka filamu ya mwaka 1975, lililotiwa muziki na Devarajan, mtu aliyejulikana kuwa hamwamini Mungu. Mkatoliki na asiyeamini ndio waliompa mungu Ayyappa toleo hilo la wimbo wake wa kulala, na waumini wamelipokea kwa moyo wote. Sabarimala haiulizi dini ya mwanamume anayepanda mlima, na Yesudas amepanda. Njiani, huko Erumeli, mahujaji hupita kwanza kwenye msikiti wa Vavar, Mwislamu anayesimuliwa kuwa rafiki wa Ayyappa.

Sabarimala hiyohiyo ndiyo inayofichua udhaifu wa Yesudas mwenyewe. Kwa jadi, wanawake walio katika umri wa kuzaa huzuiwa huko. Mahakama ya Juu ya India ilipoamuru mwaka 2018 waruhusiwe, kulizuka ghasia, na Yesudas baadaye akawashauri wanawake wasiende, akisema kuwapo kwao kutavuruga fikra za mahujaji. Mwaka 2014 alikwisha kukosolewa vikali kwa kusema wanawake wasivae suruali za jinzi. Inasikitisha kumwona mtu aliyesimama nje ya lango nusu karne akisaidia kushikilia lango jingine lisifunguke kwa wengine. Anayempenda mwimbaji huyu lazima aliseme hilo, maana hoja inayomtetea yeye Guruvayur ndiyo inayowatetea wanawake hao. Lakini kauli zake mbaya haziifanyi haki yake kuwa ndogo.

Wanaolitetea katazo la Guruvayur wana hoja ya kusikilizwa. Kila dini ina mahali pake pa faragha. Makka haiingii asiye Mwislamu, na hakuna Mwislamu anayeliona hilo kuwa tusi kwa wengine. Ni kweli, na hakuna mtu wa nje anayepaswa kuwaamuru waumini. Lakini wanaosema katazo hilo halijawahi kuguswa wanasahau karne yao wenyewe. Hadi miaka ya 1940 Wahindu wa matabaka ya chini hawakuruhusiwa kuingia Guruvayur, na waliozuia walisema vilevile, kwamba ni desturi ya tangu na tangu. Mwaka 1931 K. Kelappan na wenzake walianza kupiga kambi langoni kwa maandamano ya amani, na mwaka uliofuata akafunga kula. Milango ikafunguliwa kwa Wahindu wote mwaka 1947. Leo hakuna kasisi wa Guruvayur anayesema kwamba mungu alinajisika kwa hatua hiyo.

Njia ya kufuata nayo ipo tayari. Mwaka 2017 Yesudas aliomba kuingia hekalu la Padmanabhaswamy, Thiruvananthapuram, lenye sheria kali kama za Guruvayur, kwa tamko la maandishi la imani yake kwa mungu wa mahali hapo. Wasimamizi walikubali ombi. Kwa miaka mingi aliadhimisha siku yake ya kuzaliwa kwa kuimba katika hekalu la Mookambika huko Kollur, jimbo la Karnataka, na hakuna aliyemzuia. Wakatoliki wa Kerala nao hawajamtupa kwa hilo, na Kanisa limeendelea kuimba nyimbo alizowarekodia.

Kwa hiyo bodi ya Guruvayur haihitaji kutunga sheria mpya wala kuivunja imani ya mtu. Inahitaji kupokea tamko kama lile la Thiruvananthapuram na kulikubali. Tamasha la Chembai hufanyika kila mwaka, likifikia kilele siku ya mfungo mkubwa wa Ekadashi, na siku hiyo waimbaji huketi kuimba tungo ambazo mzee yule alizipenda. Itangazwe kabla ya tamasha lijalo kwamba mwanafunzi wake, akitaka na afya ikimruhusu, aingie mpaka mbele ya sanamu ambayo mwalimu wake aliiimbia, na kwamba tamko hilohilo litapokewa kutoka kwa mwanamuziki yeyote atakayekuja baada yake.